Dada, nataka maiki ya kwenye barafu

Wadogo zangu, wiki hii nimechagua barua moja tu. Imetoka Moncton, Kanada, kwa binti aliyezaliwa Uvira akafika kule na wazazi wake akiwa bado mtoto wa shule. Sasa anasomea uuguzi. Jumamosi anashika maiki kwenye harusi za Wakongo na Warundi wa mji ule, na inaelekea anaishika vizuri, maana anasema keshaanza kualikwa na watu asiowajua. Majira ya baridi yaliyopita wenzake wa chuo walimpeleka kutazama hoki ya barafu. Wao walitazama mchezo. Yeye akabaki anamsikiliza mtu asiyeonekana, yule anayetangaza kwenye spika za uwanja ni nani kafunga, nani katoa pasi, nani anakwenda kukaa kwenye adhabu na kwa kosa gani. Ananiandikia hivi: "Dada, nataka kazi ile. Sauti ninayo. Mama anasema hatukukimbia vita ili mimi nikasome majina ya watu kwenye barafu. Nisaidie."

Mama yako ana ulimi, mdogo wangu, na nimempenda. Lakini yeye asubiri kidogo, kwanza tuongee mimi na wewe.

Msomaji aliyeko Tabora au Lamu huenda anadhani tunazungumzia mtangazaji wa redio, yule anayekimbia na mpira kwa maneno mpaka wewe uliyekaa jikoni unauona. Siye huyo. Mtangazaji wa uwanja hasimulii mchezo, kwa sababu watu elfu kumi na nane waliolipa kiingilio wanauona kwa macho yao. Yeye anawaambia kile ambacho macho hayawezi kukipata. Hoki inakwenda kasi mno. Kisahani kile cheusi kinagongwa, kinapita katikati ya miguu ya watu sita, kinaingia wavuni, na hata kipa mwenyewe hajui kimetokea gongo la nani. Uwanja mzima unapiga kelele. Honi inalia, muziki wa bao unapigwa, kisha inakuja sauti moja: bao la timu fulani, limefungwa na namba fulani, fulani bin fulani, ni bao lake la kumi na nne msimu huu, kwa pasi za fulani na fulani, dakika ya saba na sekunde ishirini na mbili. Hapo ndipo bao linakuwa bao. Kabla ya hapo ni kelele tu.

Ukitazama vizuri siku ukienda tena, utamwona. Katika viwanja vingi anakaa chini kabisa, usawa wa barafu, kwenye meza iliyo katikati ya vizimba viwili vya adhabu, pamoja na mtunza saa na maofisa wengine wa mechi. Mbele yake ni kioo. Kushoto na kulia wanaletwa wachezaji waliokosa: aliyempiga mwenzake mtama anakaa dakika mbili, waliotwangana ngumi dakika tano kila mmoja. Wanaingia wanatoka jasho na matusi, na wewe maiki yako iko hapo hapo. Jifunze mapema kuizima kabla hujavuta pumzi.

Lou Nolan amekaa kwenye kiti cha namna hiyo Philadelphia. Alianza kuitangazia timu ya Flyers mwaka 1972, na miaka miwili tu baadaye timu ikachukua Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, ikalichukua tena 1975. Timu ile ilikuwa maarufu kwa ubabe kuliko mabao. Mchezaji wao mmoja, Dave Schultz, alikusanya dakika 472 za adhabu katika msimu wa 1974-75, rekodi ambayo mpaka leo hakuna aliyeifikia. Fikiria ni mara ngapi Nolan alilitaja jina lile na kosa lake, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa.

Sasa nikupe hesabu, ndipo uamue kama bado unataka.

Ligi kuu ya hoki ya Amerika ya Kaskazini, NHL, ina timu 32. Kwa hiyo viti vya juu kabisa vya kazi hii ni 32 tu, Kanada na Marekani kwa pamoja. Si hilo linalonitia wasiwasi. Linalonitia wasiwasi ni kwamba waliovikalia hawainuki. Paul Morris aliitangazia Toronto Maple Leafs kuanzia 1961 mpaka 1999. Aliyempokea, Andy Frost, ambaye mkate wake wa kila siku ulikuwa redio, akakaa mpaka 2016. Watu wawili, miaka hamsini na tano! Nolan amepita nusu karne. Detroit alikuwapo Budd Lynch, ambaye hadithi yake naipenda kuliko zote: alipoteza mkono wa kulia vitani Normandy mwaka 1944, akarudi, akaanza kutangaza mechi za Red Wings kwenye redio na televisheni mwaka 1949, akataka kustaafu miaka ya sabini, klabu ikamng'ang'ania, na mwaka 1985 akashika maiki ya uwanja. Aliishikilia mpaka alipofariki Oktoba 2012, akiwa na miaka 95. Kwa watu wa Detroit, ile sentensi ya kuwaarifu kwamba imebaki dakika ya mwisho ya kipindi ilikuwa mali yake, ingawa ni tangazo ambalo kanuni za ligi zinataka litolewe katika kila uwanja, kila kipindi.

Kwa hiyo usipange maisha kwa kuhesabu kwamba fulani atazeeka.

Halafu pesa. Kwa miaka mingi msimu wa kawaida wa NHL umekuwa wa mechi 82, nusu yake nyumbani. Hizo ni jioni 41, ongeza chache za mtoano timu ikifuzu. Kwa kawaida mtangazaji wa uwanja analipwa kwa mechi. Hata huko juu, wengi wana kazi nyingine mchana. Wes Johnson, aliyeanza kuitangazia Washington Capitals mwaka 2000, ni mwigizaji wa sauti. Vijana waliocheza michezo ya kompyuta ya Skyrim na Fallout wamemsikia bila kumjua. Gene Honda wa Chicago anatangaza hoki ya Blackhawks na besiboli ya White Sox, mbali na kazi zake nyingine za sauti. Na hao ni wale waliofika. Kwenye ligi za vijana na za miji midogo, malipo ni ya kununulia mafuta ya gari na chakula cha usiku, na mahali pengine unajitolea tu.

Nimesikia mnavyoguna. Ndiyo maana neno langu la kwanza kwako ni hili: maliza uuguzi. Wala sisemi hivyo kwa kuogopa ndoto, maana mimi na ndoto hatuna ugomvi. Nasema kwa sababu kazi hii imejengwa hivyo, inamtaka mtu ambaye tayari anakula. Mwenye njaa atachoka mwaka wa pili, na mwaka wa pili ndio kwanza watu wa klabu wanaanza kulikumbuka jina lako. Muuguzi mwenye zamu za kupanga na jioni zake za Ijumaa na Jumamosi anaweza kuikalia meza ile miaka ishirini bila kumwomba mtu kodi ya nyumba.

Umesema sauti unayo. Naamini. Lakini nikueleze kitu ambacho washereheshaji hatupendi kukisikia, na nasema "hatupendi" kwa sababu nami nimewahi kushika maiki ya harusi na najua utamu wake. Harusini wewe ni sehemu ya sherehe. Ukichelewesha keki kwa mzaha watu wanacheka, bi harusi anacheka, hata mpishi anatoka jikoni kusikiliza. Kwenye barafu, mzaha wako umeingia katikati ya saa inayokwenda. Mchezo umeanza tena, watu wanataka kuangalia, na wewe bado unavuta irabu. Paul Morris wa Toronto alijulikana kwa sauti tambarare, kavu, isiyopanda wala kushuka, na mji mzima ulimpenda kwa miaka thelathini na minane. Siku hizi klabu zinataka moto zaidi kidogo bao la nyumbani linapoingia, na mashabiki wamezoea hivyo, lakini angalia mtangazaji mzuri anavyofanya wageni wakifunga: jina, namba, pasi, muda, basi. Hakuna kununa, hakuna kubeza. Nadhani huo ndio mtihani wenyewe wa kazi hii, kulitaja bao la mpinzani kwa ukamilifu ule ule huku watu wa nyumbani wamenyamaza na wewe mwenyewe roho inakuuma.

Na usahihi. Kabla hujatamka, ofisa anayetunza kumbukumbu lazima awe amethibitisha nani kafunga na ni akina nani waliotoa pasi. Wakati mwingine anabadilisha baada ya kutazama picha upya, na wewe unatangaza mabadiliko bila kujitetea. Sikioni una vifaa vya kusikilizia, mtu wa juu anakwambia tangazo la mdhamini lisomwe sasa, hapana, subiri, refa anakwenda kutazama video, mbele yako kuna karatasi tatu, na sauti yako mwenyewe inakurudia kutoka kwenye spika za mbali ikiwa imechelewa nusu sekunde. Ukiisikiliza hiyo unaanza kugugumia. Inabidi ujizoeze kuendelea kana kwamba huisikii, kwa vipande vifupi, na kunyamaza kati ya kipande na kipande ili mwangwi upite.

Wewe umefundishwa kuthibitisha jina la mgonjwa kabla ya kumpa dawa, hata kama ulimhudumia asubuhi. Ichukue tabia hiyo hiyo uende nayo uwanjani. Ndiyo maana nilipoona unasomea uuguzi sikusikitika hata kidogo. Klabu inapomchagua mtu wa maiki haitafuti koo peke yake. Siku umeme ukikatika au moshi ukionekana, ni yeye atakayewaambia watu watoke kwa mlango upi, na atawaambia kwa sauti ile ile aliyosomea tangazo la piza.

Tena kuna kutuliza umati. Aprili 18, 2016, Flyers walikuwa nyumbani kwenye mtoano dhidi ya Washington. Mwanzilishi wa klabu, Ed Snider, alikuwa amefariki wiki moja kabla, na mashabiki walipewa bangili za kuwaka taa kwa ajili ya kumkumbuka. Mechi ikaharibika. Timu ya nyumbani ikawa inapigwa, mchezaji wake akamkumba mpinzani vibaya ukutani, ugomvi ukazuka, na watu wakaanza kuzirusha zile bangili kwenye barafu. Nolan akashika maiki akawaomba waache, wawe waungwana. Wakaacha kidogo. Kisha wakarusha tena, na marefa wakaiadhibu Flyers kwa kuchelewesha mchezo. Ikabidi yeye huyo huyo aitangaze adhabu dhidi ya timu yake, na akaongeza neno la kuwapongeza mashabiki kwa kejeli, kwamba hongereni, mmeyataka wenyewe. Washington walishinda 6-1. Watu bado wanabishana kama ile kejeli ilistahili. Mimi naona ilistahili, lakini angalia aliyeitoa: mzee aliyekuwa na miaka zaidi ya arobaini kwenye kiti kile. Mgeni wa mwaka wa kwanza akijaribu hivyo, kesho anatafuta kazi nyingine.

Sasa tufike pale ulipoandika kwa herufi ndogo kana kwamba unaona haya: lafudhi. Unasema Kiingereza chako "kina Uvira ndani". Mdogo wangu, sikiliza vizuri. Jifunze kutamka kila neno lisikike mpaka kiti cha mwisho juu. Hilo ni lazima kwa kila mtu, awe amezaliwa Moncton au Mwanza. Lakini usijitengenezee koo la kuazima. Watu wanatambua haraka sauti iliyovaa nguo ya mtu mwingine, na zaidi ya hapo, itakuchosha kabla ya kipindi cha tatu.

Tena katika jambo lililo gumu kuliko yote kwenye kazi hii, yaani majina, wewe umetangulia mbele ya wengi. Hoki inachezwa na Wakanada na Wamarekani, lakini pia Waswidi, Wafini, Warusi, Wacheki, Waslovakia, Walatvia. Chukua Wafini. Kuna kipa anaitwa Ukko-Pekka Luukkonen, kuna Jesperi Kotkaniemi, kuna Teuvo Teräväinen. Mtu aliyelelewa kwa Kiingereza peke yake anatoka jasho kwa majina haya, kwa sababu kwake irabu ni kitu kinachobadilika kila herufi jirani ikibadilika. Wewe umekua na a ambayo ni a popote iendapo. Soma "Luukkonen" kama ungelisoma jina la kijiji cha huko kwenu na umeshafika karibu. Kuna mtego mmoja tu: sisi mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Wafini wanauweka kwenye ile ya kwanza. Ukilisahau hilo, Kotkaniemi atageuka kuwa jamaa wa Kigoma.

Halafu Kifaransa unacho, na huko hoki imejaa Kifaransa. Kuna kipa wa zamani, Patrick Roy, ambaye asiyejua angemwita kama anavyoita mtoto wa jirani anayeitwa Roy, kumbe ni "Rwa". Montreal, uwanjani kwa Canadiens, Michel Lacroix anatangaza kwa Kifaransa na Kiingereza, bao lile lile mara mbili, bila kuchelewesha mchezo. Sasa angalia ramani ya mahali ulipo: New Brunswick ndilo jimbo pekee la Kanada lenye lugha rasmi mbili, na Moncton ni mji ambao watu wanabadilisha lugha katikati ya foleni ya kahawa. Msichana anayemudu zote mbili mbele ya maiki, bila kugeuza moja kuwa tafsiri ya uvivu ya nyingine, hahitaji kuomba radhi kwa lafudhi ya Uvira. Ningekuwa wewe hilo ningeliandika mstari wa kwanza wa barua ya maombi.

Kila jina uliulize. Timu inayotembelea huja na mtu wake wa habari, na klabu nyingi hutoa orodha ya matamshi. Isome, kisha mfuate mtu yule kabla ya mechi umuulize tena kuhusu yale unayoyashuku. Usione haya. Wewe unajua mwenyewe walimu wa huko walilifanya nini jina lako siku ya kwanza darasani. Umeniandikia, na nimecheka mpaka machozi, ingawa najua siku ile hukucheka. Uwanjani kwenye mechi za watoto kuna mama amekaa juu, amefunga skafu mpaka puani, anasubiri kusikia jina la mwanawe kwenye spika kwa mara ya kwanza. Na usidhani majina marefu ni mageni kwenye hoki: mmoja wa manahodha wakubwa wa zamani wa Calgary Flames, Jarome Iginla, baba yake ni Mnigeria, na majina yake kamili ni Jarome Arthur-Leigh Adekunle Tig Junior Elvis Iginla. Wakati wa mechi hulazimiki kuyasoma yote, nashukuru kwa niaba yako.

Umeniuliza pia kama mwanamke anapewa. Viti vingi vya NHL vimekaliwa na wanaume, sitakuficha. Lakini kwenye besiboli mlango ulifunguliwa zamani. Mwaka 1993 San Francisco Giants waliita majaribio ya wazi, wakaja mamia ya watu, na aliyechaguliwa akawa Sherry Davis, katibu wa ofisi ya wanasheria. Mwaka 2000 akafuata Renel Brooks-Moon, mwanamke mweusi wa redio, na 2002 akawa mwanamke wa kwanza kutangaza uwanjani kwenye fainali za World Series. Alikaa miaka zaidi ya ishirini. Na kwenye hoki yenyewe, Januari 2024 ilianza ligi ya wanawake ya kulipwa, PWHL, kwa timu sita, na sasa zimeongezeka. Ligi changa ina viti ambavyo havijazoea makalio ya mtu yeyote. Elekeza jicho huko pia.

Namna ya kuanza sasa. Usiiandikie NHL, barua yako itakaa kwenye rundo. Anzia uwanja wa barafu wa mtaa wako, ule wenye mashindano ya watoto wikendi nzima, mechi ya kwanza saa moja asubuhi, ambako aghalabu maiki inashikwa na mzazi yeyote aliyefika mapema. Mwambie msimamizi utakuja kila Jumamosi isiyo na harusi. Hapo utakosea majina na hakuna atakayekuandika gazetini. Kisha Chuo Kikuu cha Moncton, chuo cha Kifaransa, kina timu za hoki za wanaume na wanawake. Kisha Moncton Wildcats wa ligi ya vijana ya Quebec na majimbo jirani, wanaocheza kwenye uwanja wa Avenir Centre uliofunguliwa 2018. Mtu ambaye tayari ameshika nafasi pale anaweza kuwa rafiki yako kuliko adui: anaumwa mafua kama watu wengine, anaoa, anahitaji wa kumshikia jioni moja. Juu ya hapo kuna ligi za kulipwa za ngazi ya chini, ECHL na AHL, na wengi wanaridhika huko huko.

Andika kati ya Juni na Agosti. Msimu wa vijana unaanza Septemba, wa wakubwa Oktoba, na klabu zikitaka mtu mpya zinafanya majaribio kiangazi. Kwenye majaribio utapewa karatasi ya kusoma: kikosi cha kwanza, bao, adhabu, tangazo la mdhamini, dakika ya mwisho ya kipindi, pengine na kuwaomba watu wasimame kwa wimbo wa taifa. Jizoeze nyumbani. Fungua mechi kwenye televisheni, zima sauti, na kila bao likiingia litangaze wewe, jirekodi kwa simu. Siku mbili baadaye sikiliza ukiwa umetulia. Ukisikia umesema maneno ambayo hayakuhitajika, na utayasikia, yakate.

Vaa vizuri. Sizungumzii urembo, usawa wa barafu ni baridi, na hewa yake ni kavu, inakwangua koo. Chukua sweta, soksi nzito, chupa ya maji ya uvuguvugu. Na usiku wa kabla ya mechi usikubali harusi. Najua bi harusi ni binamu. Mpe zawadi.

Wasomaji wa Nairobi msinune mkidhani hii ni hadithi ya mbali. Barafu mnayo tangu 2005, pale Panari kwenye barabara ya Mombasa, na kutokana na kijiwanja kile kidogo ilizaliwa timu ya Kenya Ice Lions, mpaka mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Walipo wachezaji wanaofunga mabao, kuna nafasi ya mtu wa kuyatangaza. Sijui mnangoja nini.

Haya, Mama. Mama wa Uvira, kama binti amekusomea mpaka hapa, shikamoo. Una haki ya kuogopa. Umebeba watoto kuvuka mipaka, unataka kuona cheti ukutani na mshahara benki, na mimi nimemwambia hivyo hivyo: uuguzi kwanza. Lakini jioni arobaini za msimu hazitamnyang'anya cheti. Wapo wanaozimalizia mahali pabaya zaidi. Muulize maswali magumu: analipwaje, anarudi na nani saa nne usiku kwenye theluji, nani atampa gari. Akiyajibu, mwache ajaribu msimu mmoja kwenye mechi za watoto.

Na wewe mdogo wangu, mpeleke mama mechi moja kabla hujaendelea kubishana naye. Mnunulie chokoleti ya moto, mkalishe karibu na meza ile, mweleze nani anafanya nini. Usimlazimishe kuupenda mchezo. Mimi mwenyewe mpaka leo kisahani kikiingia wavuni nakigundua baada ya honi.

Umeuliza mwishoni kama utumie jina la kisanii, kwa kuwa lako ni refu. Hapana. Watu watakaojifunza kusema Luukkonen watajifunza na lako. Majaribio yakipita niandikie, hata kama wamekukatalia, uniambie walikupa karatasi gani usome na ni jina lipi lilikukwamisha.